Mwongozo kamili: Namna ya kufua kapelo bila kuharibu umbo, rangi wala saizi yake

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Kapelo ilikuwa nzima, ikafuliwa, ikatoka imebana kichwa. Au mbele pamelegea, hapasimami tena. Au imekauka na mistari myeupe ambayo haikuwapo kabla ya kufuliwa, na mwenyewe anajiuliza chumvi hiyo imetoka wapi.

Wanaolalamika si wazembe. Ni konda wa daladala anayesimama mlangoni kutwa nzima, dereva wa bodaboda, fundi ujenzi, mvuvi, machinga mwenye meza ya juani, mama anayeuza matunda kando ya barabara. Kwao kapelo ni kifaa cha kazi, maana bila hiyo jua la saa saba linawapiga usoni. Wamefua kwa bidii, tena bidii hiyo ndiyo iliyowaponza. Wameloweka, wakasugua, wakakamua, wakaanika juani, kama wafuavyo shati.

Shati linavumilia hayo yote kwa sababu ni kitambaa kitupu. Kapelo ni umbo. Ina vipande vya kitambaa, kwa kawaida sita, vilivyoshonwa vikakutana chini ya kifungo cha juu. Mara nyingi ina kitambaa kigumu kilichofichwa upande wa mbele ili pasimame. Ina mdomo wa plastiki au wa kadibodi unaokinga jua. Ina utepe wa ndani unaonyonya jasho la paji la uso. Kila kimoja kina namna yake ya kupokea maji, na kofia nyingi huharibikia kwenye kukamua na kukausha, wala si kwenye kusugua. Ndiyo maana hatua za mwisho nimezieleza kwa kirefu kuliko za mwanzo.

## Vitu vya kuandaa

- Beseni au ndoo. Maji lita 5 hivi yanatosha kofia moja.
- Sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha chakula. Shampuu ya kawaida inafaa pia.
- Matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo.
- Mswaki wa zamani wenye nywele laini, na brashi kavu ya nguo.
- Vitambaa viwili vyeupe vya pamba.
- Taulo kavu.
- Futi ya fundi cherehani, ile ya kujikunja.
- Kitu cha kuvisha kofia wakati inakauka: bakuli, mpira mdogo au puto.
- Maji matamu, yasiyo na chumvi, lita 3 au 4 kwa suuzo la mwisho.

Usiandae jiki. Klorini iliyomo ndani yake hula sufi (kitambaa cha manyoya ya kondoo) kabisa, hufifisha rangi, na kwenye poliesta nyeupe yenye jasho inaweza kuacha unjano mbaya kuliko ule uliotaka kuutoa. Na kama jiki imo nyumbani, usiichanganye kamwe na siki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Mashine ya kufulia nayo iache. Inaizungusha kofia pamoja na suruali za jinzi, mdomo unagongwa na kukunjwa kila upande, na ukishapata mkunjo wa katikati haurudi sawa.

## Hatua ya 1: Ijue kofia yako

Hatua hii ni ya dakika tano na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Anza na mdomo. Upige kwa ukucha. Plastiki inalia kwa sauti kali na safi; kadibodi inatoa sauti iliyofifia. Kisha upinde kidogo kwa vidole viwili na uuachie. Plastiki inarudi mara moja, kadibodi inarudi taratibu au inabaki na dalili ya mkunjo. Kapelo za siku hizi zilizo nyingi zina plastiki, lakini kofia za zamani zinazotoka kwenye mitumba, na baadhi ya kofia rahisi za kampeni na matangazo, zina kadibodi. Kadibodi ikilowa inavimba na kuachana matabaka. Kama yako ni ya kadibodi, ruka uende kwenye sehemu ya kofia zisizozamishwa majini.

Pili, kitambaa. Soma lebo ndogo iliyoshonwa kwenye utepe wa ndani. Pamba na poliesta havina usumbufu mkubwa. Sufi ndiyo ya kuangaliwa, kwa sababu hunywea ikikutana na maji moto na msuguano. Wengi hawajui kuwa wana kofia ya sufi. Kapelo za timu za besiboli za Marekani, zile zenye NY ya Yankees au LA ya Dodgers zilizojaa kwenye masoko ya mitumba ya Karume na Gikomba, zipo za kila aina. Zile zinazovaliwa na wachezaji uwanjani zilikuwa za sufi hadi ligi kuu ilipohamia poliesta mwaka 2007, na kofia za sufi zinaendelea kuuzwa mpaka leo. Huwezi kuitambua kwa nembo. Soma lebo. Kama lebo imekatwa, sugua kitambaa kwa kidole gumba: sufi ina vinyweleo vidogo na inakwaruza kidogo, poliesta inateleza.

Tatu, pima mzunguko wa ndani kwa futi, ukipita kwenye utepe wa jasho, na uandike namba hiyo mahali. Utaihitaji wakati wa kukausha. Kwa kofia zisizo na mkanda wa kurekebisha nyuma kipimo hiki ni cha lazima, maana saizi zake hupanda kwa hatua za moja ya nane ya inchi, na kwa kuwa namba hiyo ni ya kipenyo, kwenye mzunguko wa kichwa ni sawa na sentimita 1 tu. Iliyoandikwa 7 1/4 ni ya kichwa cha takriban sm 57.7. Ikinywea sentimita moja, umepoteza saizi nzima.

## Hatua ya 2: Toa vumbi kofia ikiwa kavu

Piga brashi kuanzia kifungo cha juu ukishuka chini, kisha ndani, kisha kwenye mishono. Vumbi likikutana na maji linageuka tope na kuingia ndani ya nyuzi.

Fundi ujenzi azingatie hatua hii kuliko mtu mwingine yeyote. Saruji kavu ni unga unaotoka kwa brashi. Saruji iliyolowa inashika, na hapo utakuwa umejenga juu ya kofia. Kung'uta, piga brashi, kung'uta tena mpaka hakuna wingu linalotoka.

## Hatua ya 3: Jaribu rangi

Lowesha kitambaa cheupe kwa maji yenye sabuni, ukikandamize kwa sekunde 30 sehemu isiyoonekana, kwa mfano chini ya utepe wa ndani. Jaribu kila rangi peke yake: mdomo mwekundu unaweza kuchuja hata kama sehemu ya juu haichuji.

Kitambaa kikibaki cheupe, endelea. Kikipata rangi kidogo, tumia maji baridi kabisa, usiloweke, na maliza kazi haraka. Kikipata rangi nyingi, na kofia ni ya rangi mbili yenye nyeupe ndani yake, usiizamishe majini hata kidogo.

## Hatua ya 4: Utepe wa jasho kwanza

Hapa ndipo uchafu wenyewe ulipo. Angalia utepe ule upande wa paji la uso, utakuta umekuwa mgumu, umeng'aa kwa weusi, na kando yake kuna mstari mweupe uliopanda mpaka kwenye kitambaa cha nje. Weusi ni mafuta ya ngozi na ya nywele yaliyoshika vumbi. Mstari mweupe ni chumvi ya jasho. Hivi ni vitu viwili tofauti: chumvi inayeyuka kwa maji matupu, mafuta hayatoki bila sabuni. Anayefua kwa maji tu anaondoa chumvi na kuacha mafuta, na kofia inanuka tena kabla wiki haijaisha.

Utepe ukiwa bado mkavu, weka matone matatu au manne ya sabuni ya vyombo na uyasambaze kwa mswaki. Ukavu una sababu yake. Utepe uliolowa umeshajaa maji, sabuni haipati nafasi ya kuyafikia mafuta. Acha dakika 10 au 15, kisha sugua taratibu ukifuata urefu wa utepe, usikate upande. Geuza utepe nje, maana chini yake ndiko jasho linakojificha.

Kama kofia ni ya sufi, badala ya sabuni ya vyombo tumia shampuu. Sufi ni nywele za kondoo, na shampuu imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nywele bila kuziumiza. Sabuni ya unga na magadi yana ukali unaoidhoofisha.

Utajua utepe umekuwa tayari ukiona povu limegeuka kahawia na ugumu umelegea chini ya kidole.

## Hatua ya 5: Izamishe yote

Weka maji kwenye beseni, changanya sabuni mpaka ipotee, ndipo uingize kofia. Maji yawe baridi au vuguvugu la chini. Chovya kiwiko chako, kama anavyofanya mzazi kabla ya kumwogesha mtoto mchanga. Ukihisi moto, ongeza ya baridi. Joto linafanya sufi na pamba vinywee, linachuja rangi, na linalainisha gundi au wanga uliotia ugumu kwenye kitambaa cha mbele.

Kofia ilowe yote, usioshe doa peke yake. Hii ndiyo siri ya ile mistari myeupe. Ukilowesha kipande kimoja, maji yanasambaa mpaka yanapoishia, yanakauka kwenye mpaka ule, na yanaacha pale chumvi yote yaliyoibeba njiani. Kadiri unavyofuta doa ndivyo mstari unavyosogea mbele. Kofia ikilowa nzima, hakuna mpaka.

Iloweke dakika 20 hadi 30 kwa pamba na poliesta, dakika 5 tu kwa sufi. Usilaze usiku kucha. Kisha ishike kwa ndani kwa mkono mmoja, ngumi yako ikijaza nafasi ya kichwa, na kwa mkono wa pili usugue kwa kitambaa laini. Juu ya nembo iliyotariziwa usitumie mswaki, maana nyuzi zinanyanyuka na kukatika. Gonga gonga kwa kitambaa. Nembo iliyochapwa isisuguliwe kabisa.

Usiikunje, usiifikiche, usiibonyeze mbele. Kitambaa kigumu cha mbele kikishavunjika ukiwa umekilowesha, kinakauka na mkunjo ule.

## Hatua ya 6: Suuza mpaka maji yawe meupe, halafu suuza tena

Sabuni inayobaki ndani ya utepe ni adui wa aina mbili: inavuta vumbi, na siku utakayotoka jasho itakushukia machoni. Suuza kwa maji mapya mara tatu walau, ukiibonyeza sehemu ya utepe kila mara kuona kama povu linatoka.

Sasa, kwa ndugu zangu wa Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na popote pwani wanaotumia maji ya kisima. Maji mengi ya visima vya huku yana chumvi, na mengine ni magumu mpaka sabuni haitoi povu. Ukisuuza kofia nyeusi kwa maji hayo, yatakauka na kuacha utando mweupe. Wengi wanaamini hawakufua vizuri, wanarudia kwa maji yaleyale, na utando unazidi. Fua kwa maji ya kisima kama huna budi, lakini suuzo la mwisho liwe la maji ya bomba au ya mvua. Yakiwa haba, kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe ndani ya lita 2 za maji kinasaidia kuyeyusha masalia ya maji magumu, na kinapunguza harufu pia. Chumvi yenyewe siki haiitoi, hivyo tafuta matamu walau lita moja umalizie.

## Hatua ya 7: Toa maji bila kukamua

Hakuna kukamua. Hata kidogo. Hata "kidogo tu nyuma".

Acha kofia ichuruzike dakika mbili ikiwa imeshikwa kwa ndani. Kisha itandike juu ya taulo, jaza taulo lingine au kitambaa ndani yake, na ukandamize kwa kiganja kutoka nje kuja ndani, kipande kwa kipande. Taulo linanyonya, umbo linabaki. Rudia kwa sehemu kavu ya taulo mpaka kofia haichuruziki tena.

Futa mdomo juu na chini. Kama mkanda wa nyuma una kibanio cha chuma, kikaushe kabisa sasa hivi, kwani kutu ikishashika kitambaa haitoki kirahisi.

## Hatua ya 8: Ivishe faroma

Jambo hili wavaaji wa kofia za kiua wa Zanzibar, Lamu na Mombasa hawahitaji kufundishwa. Kofia ikishafuliwa haianikwi kwenye kamba. Inavishwa faroma, kile kibao cha umbo la kichwa, ikakaukia hapo, ikatoka imesimama wima. Kapelo inataka heshima ileile. Kitambaa kilicholowa kinakaribia kuwa kipya: umbo lolote utakalokipa wakati kinakauka ndilo kitakaloshika. Ukikianika kwenye kamba, kitashika umbo la kamba na alama za vibanio.

Faroma ya kapelo unaweza kuipata nyumbani.

Mpira ni mzuri sana, ila chagua namba. Mpira wa watu wazima, namba 5, una mzunguko wa sm 68 hadi 70. Kichwa cha mtu mzima kwa kawaida ni sm 55 hadi 60. Ukivisha kofia kwenye namba 5 unaitanua mpaka mishono inalia. Namba 3, ule wa watoto, una takriban sm 58 hadi 60, na ukipunguza upepo kidogo unakaa sawa kabisa.

Puto ni la pili kwa ubora. Liingize ndani ya kofia, lipulize mpaka liguse pande zote, ulifunge. Bakuli la plastiki lililofunikwa kwa taulo dogo linafaa pia. Usitumie sufuria yenye kutu wala chombo chenye rangi inayochuja.

Chochote utakachochagua, kipime kwa futi na ulinganishe na namba uliyoiandika kwenye hatua ya 1. Kilingane, au kipungue kidogo na ujazie kwa kitambaa. Kama kofia ilikuwa inakubana kabla, hapa ndipo pa kuongeza nusu sentimita, si zaidi.

Ukishaivisha, fanya mambo matatu. Nyoosha utepe wa ndani urudi mahali pake bila kujikunja, maana ukikauka umejikunja utakukata paji la uso. Vuta kila mshono ulionyooka kutoka kifungo cha juu hadi chini, uone kama umekaa wima. Kisha simama mbele yake uangalie kama pande mbili za mbele zinalingana kwa urefu. Zisipolingana, zisukume kwa vidole kutokea ndani mpaka zilingane. Dakika moja ya kuangalia hapa inaokoa kofia.

Mdomo usiguse meza. Weka faroma juu ya kikombe au kopo ili mdomo uning'inie hewani, la sivyo meza itausukuma juu na kukunja upande wa mbele.

## Hatua ya 9: Kausha kivulini penye upepo

Jua linakausha haraka, ni kweli, lakini linafifisha rangi, na linaififisha zaidi kwenye upande linaopiga, ndiyo maana unaona kofia nyeusi zenye kisogo cha kahawia. Kibaraza chenye upepo kinatosha. Wakati wa masika, au kipupwe kule Mbeya, Njombe na Arusha, tumia feni, usitumie moto wa jiko.

Usiivae mpaka ikauke kabisa. Namna ya kujua ni hii: bana kwa vidole viwili ule mshono unaounganisha mdomo na kichwa cha kofia, upande wa ndani. Hapo ndipo maji yanapotoka mwisho, kwa sababu kuna tabaka nyingi za kitambaa. Ukihisi ubaridi, bado. Kofia inayovaliwa na unyevu mahali hapo ndiyo inayoota ukungu na kunuka. Fua asubuhi, siku usiyokwenda kazini.

## Kuupa mdomo mkunjo unaoutaka

Fanya hivi kofia ikiwa karibu kukauka. Kwa mdomo uliopinda, uzungushe taratibu kwa viganja viwili, kisha uingize kingo zake mbili ndani ya kikombe cha chai na uache usiku mmoja. Kwa mdomo ulionyooka, uweke chini ya kitabu kizito, sehemu ya kichwa ikining'inia nje. Usiukunje katikati kama karatasi, na usiupige pasi. Plastiki ikipata joto la pasi inapinda vibaya na haisikii tena.

## Kofia zisizozamishwa majini

Hizi ni za mdomo wa kadibodi, za ngozi au suede (ngozi laini yenye vinyweleo), za mbele yenye sponji kuukuu inayomeguka, na zile zinazochuja rangi sana.

Kwa kadibodi, vumbi litolewe kwa brashi, utepe wa ndani usuguliwe kwa mswaki wenye povu (povu tu, si maji), kisha ufutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, mara tatu au nne. Kitambaa cha sehemu ya kichwa unaweza kukifuta chote kwa namna hiyo, kwa usawa, bila kuacha mpaka wa unyevu. Mdomo uwe juu muda wote ili maji yasiteremkie ndani yake. Halafu faroma kama kawaida. Ngozi na suede mpelekee fundi viatu anayejua kazi yake.

## Madoa ya kazini

Grisi na oili: sabuni ya vyombo juu ya doa kavu, nusu saa, ndipo maji. Gereji nyingi wanatumia petroli. Usifanye hivyo. Inayeyusha nembo iliyochapwa na gundi, na mvuke wake unaweza kushika moto kutokana na cheche tu.

Damu ya samaki: maji baridi peke yake kwanza, kwa kuwa moto huipika damu ndani ya nyuzi. Harufu ya samaki hupungua sana kwa suuzo la siki lililotajwa hapo juu, kwani tindikali ndiyo inayoiua.

Chumvi ya bahari: mvuvi asisubiri doa. Kila jioni achovye kofia kwenye maji matamu na kuivisha faroma. Chumvi ikikaukia ndani ya kitambaa siku baada ya siku, inakifanya kikakamae na kukatika.

Rangi ya ukutani ya maji inatoka ikiwa mbichi. Rangi ya mafuta iliyokauka iache.

## Kofia ya mtumba, kabla haijagusa kichwa chako

Chawa wa kichwa wakikosa damu hufa ndani ya siku mbili hivi. Kwa usalama, pamoja na mayai yao, funga kofia ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa wiki mbili, kisha uifue kama ulivyosoma hapa. Mapunye ni jambo lingine. Fangasi wake wanaweza kubaki kwenye kofia na vitana muda mrefu, kwa hiyo fua kwa uangalifu maalumu utepe wa ndani na mishono, na ukaushe mpaka mwisho. Kama mtoto nyumbani ana mapunye, apate matibabu ya hospitali, na kofia yake isivaliwe na mwingine.

## Iliyokwisha kuharibika

Iliyobana kichwa: ilowe kwa maji vuguvugu, ivishwe kwenye mpira uliopungua upepo, kisha ongeza upepo kidogo kidogo mpaka futi isome saizi ya zamani. Ikauke hapo. Pamba inarudi mara nyingi, sufi iliyonywea sana hairudi yote.

Iliyolegea mbele: itie dondo, yaani wanga wa kukazia kitambaa. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwenye robo lita ya maji baridi, pika huku ukikoroga mpaka uwe mwepesi na wa kung'aa, chuja, acha upoe. Ivishe kofia kwenye faroma ikiwa ndani nje, yaani ndani yake ikikutazama, na upake kwa brashi kwenye kile kitambaa kigumu cha mbele peke yake. Mpako mmoja mwembamba. Ikikaribia kukauka, igeuze, iweke sawa, imalizie. Dondo linavutia mende, kwa hiyo usiihifadhi kofia hiyo jikoni, na litatoka utakapofua tena, itabidi urudie.

Iliyofifia rangi haina dawa ya kudumu. Kuipaka rangi ya nguo kunaharibu nembo.

## Kati ya kufua na kufua

Anayefanya kazi juani kila siku anahitaji kufua kila wiki moja au mbili. Jioni, futa utepe wa ndani kwa kitambaa chenye maji matamu na uiache kofia mahali penye hewa. Njia nzuri zaidi ni kukata utepe wa khanga kuukuu, upana wa vidole vitatu, na kuushikiza juu ya utepe wa ndani kwa mishono mirefu ya mkono. Huo ndio utakaonyonya jasho. Unaufumua, unaufua, unaurudisha, na kofia yenyewe inakaa muda mrefu bila kuguswa.

Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, kwa sababu joto la kule linakunja plastiki ya mdomo. Ukiitundika, tundika kwa mkanda wa nyuma, msumari usisukume kitambaa cha juu. Na dereva wa bodaboda asivae kapelo ndani ya helmeti. Kile kifungo cha juu kinakaa kati ya fuvu na helmeti, na helmeti yenyewe haikai sawa kichwani. Kapelo ifungwe kwenye begi au chini ya kiti, ivaliwe ukifika kijiweni.